Kuchagua Mazabodi kwa Kusoma Historia Yake: Mfano wa Mantapala

Mtu anapotafuta mazabodi ya kubadilisha kwenye kompyuta ya kuunga, swali lake la kwanza huwa ni la jina: kampuni gani ni nzuri? Fundi naye hujibu kwa jina. Mmoja atasema Asus, wa pili Gigabyte, wa tatu atasema yoyote ile mradi haijaguswa na fundi mwingine. Katika insha hii ninadai kwamba swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Uimara wa mazabodi hutegemea zaidi mwaka ilipotengenezwa, vipimo ilivyofuata na maisha iliyoishi kabla ya kufika mikononi mwetu. Hayo yote matatu ni mambo ya historia, na mwanafunzi wa historia anaweza kuyachunguza hata kama hajawahi kushika kifaa cha kulehemu.

Kwanza nieleze neno. Mazabodi ni ule ubao mpana ndani ya kompyuta unaobeba prosesa, kumbukumbu na soketi za vifaa vingine vyote. Wenzangu waliosomea Kongo huiita carte mère, na walimu wetu wa Kiswahili hupendelea kusema bodi mama. Ninatumia mazabodi kwa sababu ndilo neno la mafundi, na insha hii inahusu kazi yao.

Ninaandika kutoka Mantapala, wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, nchini Zambia. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 2018, baada ya maelfu ya Wakongo kuanza kuvuka mpaka kuanzia Agosti 2017 wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani. Serikali ya Zambia na UNHCR waligawa viwanja ili familia zilime, na shule na zahanati zikapangwa zihudumie wakimbizi pamoja na wenyeji. Duka la kompyuta hatuna. Kipuri huchaguliwa kwa picha za simu kutoka Mansa, Kitwe au Lusaka, hulipiwa kwa simu, kisha hupanda basi hadi Nchelenge. Kikifika kibovu, kukirudisha kunakula nauli inayokaribia bei yake. Mnunuzi wa Lusaka anaweza kujaribu mara tatu. Sisi tunajaribu mara moja.

Kompyuta ninayoizungumzia ni ya kikundi chetu cha kusoma. Iliungwa kutoka vipuri vya mashine kadhaa, nayo huendeshwa kwa sola na inveta. Juu yake tulichapa barua za ushirika, kazi za shule na maombi ya ufadhili wa masomo. Mwaka jana ilianza kuhitaji kuwashwa mara tatu au nne ndipo iamke. Baadaye ikawa inajizima na kujiwasha katikati ya kazi, na mwishowe ikakataa kabisa. Wakati huo wenzetu watatu walikuwa na fomu za chuo ambazo hazijakamilika. Wanakikundi wakachanga kwacha 900. Fedha hizo ndizo zilizotulazimisha kuuliza vizuri.

Kwa nini mazabodi inaweza kubadilishwa

Hatuna budi kushukuru kwamba swali hili lipo. Redio au televisheni nyingi haziruhusu kung'oa ubao wa kampuni moja na kuweka wa kampuni nyingine. Kompyuta ya mezani inaruhusu, na sababu yake ni ya kihistoria.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilizindua kompyuta binafsi iliyojulikana kama modeli 5150. Ili kuwahi soko, wahandisi wake wa Boca Raton, Florida, walitumia vipuri vya makampuni mengine, wakaweka prosesa ya Intel 8088 na mfumo endeshi wa Microsoft. Isitoshe, IBM ilichapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi. Mwezi Novemba 1982 kampuni ya Compaq ilitangaza mashine iliyoweza kuendesha programu zilezile, na baada yake wakafuata wengi. Nchini Taiwan zilizaliwa kampuni zilizojikita katika kutengeneza mazabodi, zikiwemo Gigabyte na MSI mwaka 1986 na Asus mwaka 1989. Mwezi Aprili 1987 IBM ilijaribu kuufunga tena mlango kwa kuleta mashine za PS/2 zenye mpangilio mpya uliolindwa kwa hataza. Soko likakataa kumfuata.

Mwaka 1995 Intel ilitoa kanuni iitwayo ATX. Kanuni hii ilipanga mahali pa matundu ya skrubu, mahali pa matundu ya nyuma na umbo la plagi ya umeme. Ubao kamili wa ATX una milimita 305 kwa 244, na ule mdogo wa mwaka 1997, microATX, una 244 kwa 244. Kasha la mwaka 1998 lenye asili hiyo bado linapokea mazabodi ya leo. Kwa mtu wa Mantapala hilo lina maana kubwa, kwa kuwa kasha, diski na mara nyingi pawasaplai hubaki, fedha zikaenda kwenye ubao peke yake.

Lakini historia hiyohiyo ina mtego. Makampuni makubwa yanayouza kompyuta zilizokamilika hayakufuata kanuni hii sikuzote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kompyuta kadhaa za Dell zilikuwa na plagi ya umeme iliyofanana kabisa na ya ATX, ila nyaya zake zilipangwa tofauti. Aliyechomeka pawasaplai ya kawaida aliunguza ubao. Mashine nyingi za ofisini za miaka ya karibuni nazo zina plagi na maumbo ya kwao wenyewe. Mazabodi iliyong'olewa kwenye mashine ya ofisini huwa rahisi kwa bei, na sababu mojawapo ni kwamba nje ya kasha lake la asili haina pa kukaa.

Miaka ya kapasita mbovu

Tukio la pili ambalo mnunuzi anapaswa kulijua linahusu kapasita, zile silinda ndogo zilizosimama kuzunguka prosesa. Kazi yake ni kulainisha umeme kabla haujaingia kwenye chipu. Kapasita za kawaida zina maji ya kemikali ndani yake. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi zilizotengenezwa hasa Taiwan zilikuwa na maji yasiyo na dawa ya kutosha ya kuzuia kutu. Gesi ilijikusanya ndani, kichwa cha silinda kikavimba, maji yakavuja na kompyuta ikafa mapema. Simulizi iliyochapishwa katika majarida ya uhandisi mwaka 2002 na 2003 ilisema chanzo kilikuwa fomula iliyoibwa ikiwa pungufu. Wizi huo haukuthibitishwa mahakamani, lakini mazabodi zilizokufa zilionekana dunia nzima.

Walioumia hawakuwa wanunuzi wa vitu duni tu. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza na kubadilisha kompyuta zake za OptiPlex. Hati za kesi zilizowekwa wazi mwaka 2010 zilionyesha kwamba mashine zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005, zilizokuwa katika hatari hiyo, zilifikia milioni 11.8. Apple nayo ilirefusha muda wa matengenezo ya bure kwa baadhi ya kompyuta za iMac G5. Kwa hiyo mtu aliyechagua kwa jina zuri mwaka 2004 angeweza kupata ubao mbovu, na aliyechagua jina lilelile miaka mitano baadaye akapata ubao wa kudumu. Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni kilichokuwa ndani ya kapasita.

Baada ya hasara hiyo watengenezaji walihamia kwenye kapasita ngumu, zisizo na maji ndani. Kufikia mwishoni mwa muongo ule, mazabodi nyingi zilikuwa nazo angalau kuzunguka prosesa. Hata fundi asiye na mashine ya kupimia huzitambua kwa macho. Kapasita ya maji ina ganda la plastiki lenye maandishi ubavuni na alama ya msalaba kichwani; kapasita ngumu kwa kawaida ni silinda fupi ya alumini iliyo wazi, kichwa bapa kisicho na msalaba.

Kapasita ya maji iliyo nzuri pia huzeeka, na joto ndilo linaloizeesha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopungua nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu kama saa 32,000 kwa nyuzi 65. Kwa matumizi ya saa nane kwa siku, hiyo ni miaka kama 11. Ikifanya kazi kwa nyuzi 75, umri huo hukatika nusu. Hapa kwetu, Septemba na Oktoba ndani ya chumba cha bati, feni iliyojaa vumbi hutosha kuzileta hizo nyuzi kumi.

Tulipofungua kompyuta yetu, silinda nne kando ya prosesa zilikuwa zimevimba vichwa. Ubao wenyewe ulikuwa wa miaka ya katikati ya 2000. Dalili zote tulizoziona, tangu kuamka kwa shida hadi kujizima ovyo, zilikuwa za ugonjwa huo.

Lehemu, bati na mpaka tuliouvuka

Fundi mmoja wa Kashikishi alitushauri tubadilishe kapasita tu. Ushauri wake haukuwa wa kubeza, kwani kazi hiyo huokoa mazabodi nyingi. Sababu ya kusita ilitoka tena kwenye tarehe. Tangu tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilizuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya umeme, na viwanda vilivyouza dunia nzima vikabadili lehemu. Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwa nyuzi 183. Lehemu mpya iliyoenea ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huyeyuka kwa nyuzi 217 hadi 220. Mazabodi pia ina tabaka kadhaa za shaba zinazonyonya joto. Kifaa kinachotosha kutengeneza redio kinaweza kung'oa njia za shaba kwenye ubao wa namna hii. Na kapasita zilizokuwepo zilikuwa za kung'oa kwenye redio mbovu, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi ya kulisha prosesa.

Hapa historia ya ubao inakutana na historia ya watu wanaoutumia. Kadiri risasi ilivyoondolewa, bati lilizidi kuhitajika. Katika mkoa wa Tanganyika, walikotoka majirani zangu wengi, upo mji wa Manono, ambako kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilichimba bati wakati wa ukoloni. Pamoja na bati hutoka pia madini ya tantalumu, ambayo hutumika katika kapasita ndogondogo za simu na kompyuta. Mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika jinsi madini hayo, yaani koltani, yalivyohusiana na vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama bati, tantalumu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Sidai kwamba bati la Manono limo katika ubao wetu. Hakuna wa kulithibitisha hilo. Ninasema tu kwamba tunaouita mtumba wa kizungu una malighafi ya nyumbani, na kuufanya udumu miaka mitano zaidi ni heshima kwa jasho lililoutoa ardhini.

Upya si dhamana

Mtu anaweza kusema: basi nunueni mpya. Jibu linapatikana katika mwaka 2011. Tarehe 31 Januari mwaka huo Intel ilitangaza kasoro katika chipuseti zake za mfululizo wa 6, zilizokuwa zimeanza kuuzwa wiki chache tu nyuma. Baadhi ya milango ya diski ingedhoofika kadiri muda unavyopita. Kampuni ilikadiria gharama ya kutengeneza na kubadilisha kuwa dola milioni 700. Chipu zilizosahihishwa zilipewa alama ya B3. Mwenye kununua mazabodi ya kizazi hicho leo, mtumba au si mtumba, ana haki ya kuuliza alama hiyo.

Zaidi ya hapo, siku hizi zipo mazabodi mpya zisizo na jina maarufu, zinazouzwa na chipuseti ya zamani kama H61 ya mwaka 2011. Nyingine zimejengwa kwa chipu zilizong'olewa kwenye mbao kuukuu. Huo ni waraka mpya wenye maneno ya zamani. Unaweza kuwa mzuri, lakini tarehe iliyo kwenye boksi haitoshi kutuambia umri wake.

Tulivyochagua

Tuliletewa mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa ubao wa kompyuta ya ofisini, wa bei ya chini kuliko yote. Picha ilionyesha plagi ya umeme isiyofuata ATX, tukaliweka kando bila mjadala. La pili lilikuwa ubao mpya usio na jina, wenye chipuseti ya H61. Huo ungedai prosesa nyingine, kwa kuwa soketi yake ni LGA 1155 na prosesa yetu, Core 2 Duo, hukaa kwenye LGA 775. Gharama ikavuka mchango. La tatu lilikuwa mtumba wenye chipuseti ya G41, iliyotoka mwaka 2008. Ungepokea prosesa yetu na pawasaplai yetu, ila ungehitaji kumbukumbu ya DDR3 badala ya DDR2 tuliyokuwa nayo. Vipande hivyo vina miguu 240 vyote viwili, lakini mkato wake uko mahali tofauti, na umeme wake ni volti 1.5 badala ya 1.8. Havibadilishani.

Muuzaji alituambia kwa simu, "Kaka, hii ni safi kabisa, ilikuwa ya ofisi, haijafunguliwa." Mwanafunzi wa historia anajua cha kufanya na simulizi kama hiyo: haitupi, wala haiamini peke yake. Tukaomba picha tano. Ya kwanza ni ya soketi ikiwa wazi, ikipigwa tochi kwa pembeni. Tangu LGA 775 ilipotoka mwaka 2004, sindano nyembamba zimekaa kwenye mazabodi badala ya prosesa, na moja iliyopinda yaweza kuua ubao wote. Ya pili ni ya kapasita kwa karibu. Ya tatu ni ya upande wa chini, kuona kama kuna lehemu ya mkono au rangi ya kuungua. Ya nne ni ya matundu ya skrubu, kwa sababu ubao uliofungwa na kufunguliwa mara nyingi hukwaruzika hapo. Ya tano ni ya maandishi ya chipu, ambapo tarakimu nne kama 0932 kwa kawaida husomwa wiki ya 32 ya mwaka 2009.

Picha zilionyesha kapasita ngumu kuzunguka prosesa, sindano zilizonyooka, na tarakimu za mwaka 2009 kwenye chipu zaidi ya moja. Matundu ya skrubu yalikuwa na mikwaruzo. Kwa hiyo ule ubao ulikuwa umefunguliwa, kinyume cha maneno ya muuzaji. Tulimweleza kwa adabu, akakiri kuwa aliwahi kuuhamisha kasha, na bei ikashuka. Upande wa chini ulikuwa safi, tukauchukua pamoja na vipande viwili vya DDR3. Ulipofika tulibadilisha betri yake ndogo ya CR2032, tukasafisha feni na kuacha programu ya kupima kumbukumbu ifanye kazi hadi betri za sola zilipokaribia kuisha. Haikutoa kosa hata moja. Fomu za wenzetu zilikamilishwa juu ya ubao huo.

Je, jina halina maana?

Wapo watakaopinga kwamba nimelipuuza jina kupita kiasi. Wana hoja. Kampuni inayojulikana huacha nyuma yake kitabu cha maelekezo, orodha ya prosesa zinazokubalika na bayosi za kusahihisha kasoro, na vitu hivyo bado hupatikana miaka mingi baada ya ubao kuacha kutengenezwa. Ubao usio na jina mara nyingi hauna kumbukumbu yoyote. Lakini hiyo nayo ni hoja ya historia: tunalithamini jina kwa sababu ya nyaraka zake. Aidha, ukaguzi haufuti bahati. Ubao uliopita mitihani yote unaweza kufa wiki ijayo. Kinachofanywa na ukaguzi ni kuondoa vifo vilivyokwisha kuandikwa kwenye ubao wenyewe, navyo ni vingi.

Kwa hiyo ninapendekeza maswali yapangwe upya. Je, ubao huu unafuata kanuni ya kasha na pawasaplai nilivyonavyo? Ulitengenezwa mwaka gani, na viwanda vilikuwa na ugonjwa gani mwaka huo? Uliishi wapi, na mwili wake unakubaliana na simulizi ya muuzaji? Baada ya hayo ndipo tuulize jina.

Pendekezo la mwisho ni la kutunza kumbukumbu. Mazabodi nyingi zinazofika Nchelenge hazina wasifu wowote, na kila mnunuzi huanza uchunguzi upya. Gharama ya kulirekebisha hilo ni kipande cha karatasi na gundi. Ndani ya kasha la kompyuta yetu sasa tumebandika tarehe ya kufunga, tarakimu za chipu, kipuri kilichobadilishwa na sababu yake. Siku ubao huu utakapouzwa au kukabidhiwa wengine, karatasi hiyo iende nao, na atakayeupokea asilazimike kubahatisha.